Kidonge Kimoja, Dawa Mbili

Mhadhara uliotolewa kwa wagonjwa wa kisukari na familia zao, Kirumba, Mwanza

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za asubuhi. Nashukuru kwamba wengi mmeitikia ombi langu la kuja na dawa zenu zote, za kabatini na za chini ya mto, kwa sababu leo sikuja kueleza kisukari ni nini. Hilo mnalijua, na baadhi yenu mmeishi nalo muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi nyuma ya dirisha la dawa. Nimekuja na jambo moja ambalo nimelisema kliniki, nimelisema sokoni, na nitaendelea kulisema: kidonge mnachokiita "cha sukari" mara nyingi kina dawa mbili ndani yake, na asiyezijua zote mbili kwa majina anaweza kujikuta anazinywa maradufu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimhudumia bibi mmoja wa miaka 68, ambaye kila mwezi alivuka kwa kivuko cha Kamanga kutoka upande wa Sengerema. Alikuwa anatumia dawa mbili zilizo mbalimbali: metformini ya miligramu 500 asubuhi na jioni, na glibenklamidi ya miligramu 5 asubuhi na jioni. Siku hiyo alibadilishiwa, akaandikiwa kidonge kimoja chenye dawa hizo hizo mbili, 500 kwa 5, kutwa mara mbili, ili apunguziwe mzigo wa kumeza. Mimi nilihesabu vidonge 60, nikavitia kwenye bahasha, nikaandika 1x2 na kumwambia, "Bibi, kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula." Akaitikia, akanishukuru, akaondoka haraka kuwahi kivuko. Sikumwuliza nyumbani kumebaki nini.

Nyumbani kulikuwa na vidonge vya zamani vya karibu wiki tatu. Bibi yule hakuwa mzembe hata kidogo, na naomba hili lisikike vizuri, kwa maana watu hupenda kumlaumu mgonjwa. Alikuwa mtu makini, aliyelelewa akijua kwamba dawa haitupwi na dozi humalizwa. Basi akaanza dawa mpya, na huku akimalizia ya zamani. Kwa siku moja akawa anameza metformini miligramu 2,000 na glibenklamidi miligramu 20, na hiyo 20 ndiyo kikomo cha juu kabisa cha glibenklamidi kwa siku, ambacho hakuna daktari aliyemwagizia.

Siku ya nne jioni hakuwa na hamu ya kula. Alikunywa chai kavu na kutafuna michembe kidogo, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kisha akameza dawa zake zote kama kawaida. Alfajiri mjukuu wake alimkuta gauni limelowa jasho la baridi, mikono inatetemeka, naye anamwita kijana kwa jina la marehemu mjomba wake. Majirani wakajaa. Mmoja akasema malaria imempanda kichwani. Mwingine akasema ni sukari imepanda, kwa hiyo asiguse kitu chochote kitamu, na kikombe cha chai ya sukari ambacho mjukuu alikuwa ameshakimimina kikaondolewa. Ndugu zangu, kikombe kile ndicho kilichokuwa dawa. Sukari yake haikuwa imepanda, ilikuwa imeshuka.

Walimfikisha kituo cha afya, akatundikiwa dripu ya glukosi, akafumbua macho na kuzungumza, na baada ya saa mbili akaruhusiwa kurudi nyumbani. Alasiri akazimia tena. Hapa ndipo penye somo ambalo hata sisi watumishi wa afya tunalisahau: dripu ile ilirudisha sukari mwilini, lakini haikuiondoa glibenklamidi. Dawa hiyo huendelea kulisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, hata saa 24 na zaidi, hasa kwa mzee ambaye figo zake zimepungua kasi, kwa kuwa mabaki yake yenye nguvu hutolewa na figo hizo hizo. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linasema glibenklamidi haifai kwa waliovuka miaka 60. Mtu aliyeshushwa sukari na dawa ya aina hii hulazwa na kuangaliwa usiku kucha. Kuamka kwake hakumaanishi kwamba hatari imepita.

Bibi alipona. Mwezi uliofuata alikuja dirishani, akafungua fundo la kanga, akaweka bahasha tatu mbele yangu. Mbili za zamani, moja mpya. Zote zimeandikwa 1x2, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na hakuna hata moja yenye jina la dawa.

Tangu siku hiyo siandiki bahasha bila jina, na ninyi msikubali kupokea bahasha isiyo na jina. Mkifika dirishani ulizeni mambo mawili tu: ndani ya kidonge hiki mna dawa gani, na je, kinachukua nafasi ya kipi nilichonacho nyumbani? Kisha vile vya zamani vileteni, tuvipokee sisi. Najua wapo watakaosema, "Mfamasia, majina hayo ni ya kizungu, sisi tutayakumbukaje?" Hilo silikubali. Mvuvi wa hapa Mwaloni anajua ukubwa wa macho ya kila wavu wake na nguvu ya kila injini aliyowahi kuiendesha. Mama anayeuza kitenge anazitambua nembo za viwanda kwa kugusa kitambaa. Majina mawili ya dawa utakayomeza maisha yako yote hayawezi kuwashinda. Na asiyesoma anaye mjukuu anayesoma.

Tazameni boksi. Jina kubwa lenye rangi ni la kibiashara, na hilo hubadilika kila kiwanda kinapobadilika, kwa hiyo msilitegemee. Chini yake, kwa herufi ndogo, yapo majina mawili na namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju: 500/5, au 500/2, au 50/1000. Kila namba ni ya dawa yake. Na mkikuta glibenklamidi kwenye pakiti moja, glimepiridi au gliklazidi kwenye pakiti nyingine, mjue kwamba hizo ni ndugu wa tumbo moja. Zote hulilazimisha kongosho kufanya kazi, na kuzinywa mbili pamoja ni kosa lile lile la bibi, limebadilisha jina tu.

Mtu ataniuliza, kama ni hatari hivyo, kwa nini dawa mbili zikatiwa katika kidonge kimoja? Ni kwa sababu zina faida kubwa kwa anayezielewa. Metformini hulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, na ile nyingine huongeza insulini. Hushika ugonjwa pande mbili, na mtu mwenye vidonge vichache husahau mara chache. Lakini wakulima waliomo humu watanielewa nikisema kwamba hawa ni maksai wawili katika nira moja. Huwezi kumpeleka mmoja malishoni ukamwacha mwenzake alime. Ukikata kidonge nusu kwa sababu sukari inashuka, umepunguza na ile dawa ambayo haikuwa na kosa. Ukikiongeza kwa sababu sukari imepanda, umeongeza na ile inayoweza kukuangusha. Kubadilisha kiwango ni kazi ya aliyekuandikia. Na vile vidonge vinavyotoa dawa polepole havikatwi, havisagwi, wala havitafunwi, kwa sababu ukivivunja dawa ya saa nyingi inaingia mwilini kwa mara moja.

Wengine mtasema mmesikia metformini inaharibu figo, na najua wapo walioiacha kimya kimya kwa hofu hiyo. Metformini haiharibu figo. Figo ndizo zinazoitoa mwilini, na zikishindwa kuitoa, hulimbikizana na kuweza kuleta asidi hatari kwenye damu. Dawa ya ukoo wake iitwayo fenformini iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1977 kwa sababu ya asidi hiyo. Kwa metformini jambo hilo ni nadra, mradi figo zipimwe. Uwezo wa figo kuchuja ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, metformini husimamishwa, na kwa kidonge cha pamoja maana yake ni kwamba kidonge kizima kinaondoka na mgonjwa anaandikiwa dawa nyingine. Basi badala ya kuogopa na kuacha, ombeni kipimo cha figo angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kwa wazee.

Sasa niseme kuhusu saa. Tunapoandika "asubuhi na jioni" huwa tunamfikiria mtu anayelala usiku. Lakini giza la mwezi likiingia, wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao hadi kunapopambazuka, na mlo wao mkubwa huenda ukawa saa nne asubuhi. Nimekutana na kijana aliyemeza kidonge chake saa kumi na mbili jioni akiwa anasukuma mtumbwi, bila kula, akitarajia kula akirudi. Kidonge hiki kinafuata sahani, hakifuati saa ya ukutani. Chakula kipo mbele yako, meza. Chakula hakipo, usimeze. Dozi ikikupita hadi muda wa nyingine umekaribia, iache, usimeze mbili kwa pamoja. Na anayetaka kufunga Ramadhani aje kliniki wiki kadhaa kabla, tumpangie, asijipangie.

Dalili za sukari kushuka mmezisikia katika habari za bibi: jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 4 (mmol/L), au kama kipimo hakipo na dalili zipo, koroga vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, mgonjwa anywe, subirini dakika 15, pimeni tena, rudieni ikibidi, kisha ale chakula. Msianze na ugali wala maziwa, ni vya polepole mno. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu akimbizwe hospitali.

Naona muda umekwisha, na yaliyobaki nitayataja kwa haraka, ingawa kila moja lilistahili saa yake. Ukihara au kutapika hadi ushindwe kula na kunywa, simamisha kidonge cha pamoja na uwasiliane na kliniki siku hiyo hiyo. Wa sindano ya insulini msiisimamishe wenyewe. Septrini na kwinini huweza kushusha sukari zaidi ukiwa kwenye glibenklamidi, kwa hiyo mweleze kila anayekuandikia dawa. Pombe, hasa tumbo likiwa tupu, nayo hushusha. Metformini ya miaka mingi hupunguza vitamini B12, na ganzi ya miguu si lazima iwe ya kisukari. Kuhusu dawa za asili, simtukani mganga yeyote, lakini mwaka 2008 huko Singapore watu wengi walilazwa sukari ikiwa imeshuka vibaya, na baadhi walikufa, baada ya kumeza dawa za kuongeza nguvu za kiume zilizokuwa zimechanganywa kwa siri na glibenklamidi. Kwa hiyo na chupa za mitishamba ziwekeni mezani.

Na meza yenyewe ndiyo hii hapa karibu na dirisha, penye mwanga. Tutaanza na mama wa mstari wa mbele, mwenye mfuko wa bluu, kwa kuwa naona kutoka hapa bahasha mbili zimeandikwa 1x2. Karibu mama, mimina zote.