Mawe ya Taru na maji ya misafara

Mabibi na mabwana, ukitazama ramani, mwendo wa kutoka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150, na njiani hakuna mlima wa kumtisha mtu. Basi kwa nini wapagazi wa karne ya 19 waliihofu sana nyika hii? Jibu liko kwenye mawe.

Mazeras kuna mawe ya mchanga yanayohifadhi maji mazuri. Ukipita Mariakani unafika Maji ya Chumvi: pale tabaka za mwamba laini wa udongo zina chumvi ndani yake, na kisima ukichimba kinakupa maji yanayozidisha kiu. Mbele yake ndiyo Taru. Hapa mwamba ni mgumu, wenye chembe kubwa, na juu yake kuna mashimo yanayojaa mvua. Watu wa misafara waliyaita ngurunga.

Msidhani ni chemchemi. Ngurunga haina mshipa wa chini. Yaliyomo ni mvua iliyopita tu, na jua linayanywa kila siku. Msafara uliotangulia ukiyamaliza, wewe unakuta tope la kijani na viluwiluwi, nalo utalichota kwa kata na kulichuja kwa nguo. Ndiyo maana kiongozi mzuri aliuliza habari za mvua na za misafara mingine kabla ya kuondoka Rabai, karibu na Mombasa.

Baada ya Taru, takriban kilomita 50 hazina maji ya kutegemea. Udongo mwekundu, miiba, vichaka vilivyosongamana, hewa imesimama. Hapo ndipo watu walipopiga tirikeza. Kwa kawaida msafara huondoka alfajiri ukatua kabla ya adhuhuri. Tirikeza ni kinyume: mnapumzika mchana kwenye ngurunga, mnakunywa, mnajaza vibuyu, mnaondoka jua likianza kupinda, mnatembea mpaka giza, mnalala bila maji, kisha mnaamka usiku kuendelea. Ujanja wake ni kwamba saa kali za jua zinakukuta umepumzika karibu na maji, si njiani. Lakini mzigo haupungui, na aliyemaliza kibuyu chake jioni alijuta asubuhi.

Na Maungu, mwisho wa mwendo huo, nako hukufika ukanywa. Maji yalikuwa juu mlimani! Mtu ametua mzigo, miguu imevimba, sasa apande. Mimi nadhani hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko kote, ingawa wengi hupenda kuisimulia Taru.

Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, nyika ilikuwa ile ile, na mafundi walipelekewa maji kwa treni kutoka nyuma.

Mbele ya Voi hali inabadilika. Mvua ya vilima vya Chyulu huzama kwenye majivu na mawe ya volkano, ikatokea kwenye chemchemi za Mzima ikiwa safi, ikaingia mto Tsavo. Maji hayo ndiyo yanayosafiri leo ndani ya bomba, zaidi ya kilomita 200, hadi Mombasa.

Karibuni kwa maswali.