Panya juu ya ubao mwembamba

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za jioni. Kila nikizungumzia kiharusi, huinuka mtu kule nyuma akauliza, "Daktari, hakuna sindano ya kuuamsha mkono?" Leo naanza na swali lake.

Mwaka 1982, Dennis Feeney na wenzake, Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, waliwafundisha panya kutembea juu ya ubao mwembamba. Walipouzoea, wakawaharibia sehemu ya ubongo inayoendesha miguu ya upande mmoja. Ukimrudisha panya ubaoni, miguu ile inateleza na kuning'inia pembeni. Kesho yake wakawachoma sindano moja tu ya amfetamini, dawa ya kusisimua ubongo. Ndiyo, hiyohiyo ya vijana wa mtaani, msinicheke. Waliochomwa wakarudia kutembea mapema kuliko wenzao.

Sasa tegeni sikio. Walikuwepo waliochomwa dawa ileile lakini wakazuiwa kutembea wakati dawa inafanya kazi. Hao haikuwafaa kitu. Yaani sindano iliufungua ubongo ujifunze upya, ila cha kujifunza kilipokosekana, ukafunguka bure. Na waliopewa haloperidoli, dawa ya kutuliza, dozi moja tu, walichelewa kupona. Haloperidoli ndiyo hutolewa wodini mgonjwa akichanganyikiwa usiku na kung'oa mipira ya dripu. Nikiikuta kwenye faili la mwenye kiharusi, huuliza kwanza kama hakuna njia nyingine.

Kwa binadamu mambo hayakunyooka. Ufaransa, mwaka 2011, wagonjwa 118 walifanyiwa utafiti wa fluoksetini, kidonge cha sonona, na wote walikuwa wakifanyishwa mazoezi ya viungo. Waliokimeza kwa miezi 3 walipata nguvu zaidi ya waliomeza kidonge kisicho na dawa ndani. Tukashangilia, nami nikiwemo. Kisha Waingereza wakajaribu kwa watu zaidi ya 3,000: sonona ilipungua, mifupa iliyovunjika ikaongezeka, na uwezo wa kujihudumia ukabaki palepale.

Panya wa maabara ni kijana, hana presha wala kisukari, na jeraha lake limepimwa. Babu yetu hayuko hivyo. Lakini mimi bado narudi kwenye ule ubao. Kidonge cha saa mbili asubuhi, mgonjwa amelala chali hadi saa kumi, ana tofauti gani na panya aliyezuiwa?

Naam, mama, nimekuona. Unauliza dawa ya mzee. Nitakujibu, ila niambie kwanza: leo amesimama mara ngapi?