Kipindi cha 47: Fleti ya Kisutu na ndoo ya bahari

ZUU: Haya tumerudi, na Deo kachelewa kama kawaida.

DEO: Foleni ya Mwenge, dada.

ZUU: Foleni ndo mke wako sasa. Leo tulipanga mambo matano ya kuangalia kabla hujanunua fleti mjini, nimeyaandika kabisa kwenye daftari, ila ngoja kwanza niwape ya Jumanne. Mama mdogo kauza kiwanja chake Kigamboni, anataka fleti Kisutu, amechoka kuvuka pantoni kila akiwa na kliniki ya presha. Tukakutana na dalali, jengo refu jipya, linang'aa mpaka unajikuta unafuta viatu mlangoni. Dalali anasema, "Mama, lifti inapumzika kidogo."

DEO: Inapumzika! Imetoka wapi?

ZUU: Fleti yenyewe iko ghorofa ya 11. Mama mdogo alifika ya nne akakaa kwenye ngazi, jirani mmoja akamtolea kiti na maji, mi nikaendelea na dalali. Juu huko ananiambia fleti hii ina sivyuu, yaani unaona bahari, anaitamka kama jina la mtu. Nachungulia dirishani, naona ukuta, nguo za watu, na mzee anakula ugali kwenye jengo la pili, tukapungiana mkono. Nikamuuliza bahari iko wapi. Akanipeleka bafuni, akapindua ndoo.

DEO: Usiniambie ulipanda.

ZUU: Nilipanda! Na nikaiona, nyembamba kama pindo la kanga.

DEO: Sasa ndoo inaenda na fleti au unakuja na yako?

ZUU: Ndo swali nililomuuliza, kakasirika.

DEO: Siyo utani lakini. Kuna ile sheria ya 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo, unapata hati ya fleti yako, halafu vile vya wote, ngazi, lifti, paa, una fungu lako humo pamoja na wenzako. Ndoo iko upande gani?

ZUU: Ikiwa ya wote basi ishavunjika, kama lifti. Kila mtu anasema mi niko ghorofa ya pili siitumii, silipi. Wa juu wanalipa peke yao mpaka wanachoka, fundi haji.

DEO: Na wakijenga jengine mbele?

ZUU: Tunahamia kwenye pipa.

DEO: (anacheka) Hati isomeke: vyumba viwili, sebule, pipa moja.

ZUU: Tuache. Pale lilipo hilo jengo palikuwa na nyumba ya ghorofa moja, duka chini, familia juu, na mwaka umechongwa usoni, 1930 na kitu. Muuza kahawa alikuwa anakaa barazani. Sasa chini ni maegesho na geti, hakuna mtu hata wa kumsalimia.

DEO: Hapo ndo huwa tunaachana. Mi nimekulia kwenye nyumba kama hiyo, dada. Nyumba ya Msajili wa Majumba, ile ofisi ya serikali. Zile zilizotaifishwa 1971 zilizokuwa zimepangishwa, halafu 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba. Choo kimoja familia nne, mvua ikinyesha tunapanga masufuria sebuleni. Wewe umekulia Tandika, unazipenda kwenye picha.

ZUU: Na wewe uliyekulia humo leo unaishi Goba. Waliokuwa wapangaji humo ndo waliorudi kununua fleti za juu? Nitajie mmoja.

DEO: Watu wanataka kukaa karibu na msikiti wao, jamatini, shule, kazini, na ardhi haiongezeki. Utaenda wapi kama siyo juu?

ZUU: Juu sawa, ila maji taka yanashuka kwenye bomba lilelile la nyumba ya ghorofa moja. Na hatujasahau Mtaa wa Indira Gandhi, Ijumaa Kuu, 29 Machi 2013. Jengo la ghorofa 16 likaanguka, watu 36 wakafa.

DEO: ... Hatujasahau. Lakini hilo ni la zege na usimamizi, siyo la urefu. Hata fupi linaanguka likijengwa vibaya.

ZUU: Urefu ndo unaoleta tamaa.

DEO: Hapana.

ZUU: Ndiyo. Mbona lile Boma la kale la enzi za Sultan Majid pale Sokoine Drive limekarabatiwa na watu wanaingia? Hela ikitakiwa inapatikana.

DEO: Boma hakuna mtu anapika mle! Hakuna mtoto wa mtu anasubiri choo! Unataka mtu mwingine akae kwenye kumbukumbu yako, yeye apange masufuria, wewe upige picha.

ZUU: Nataka wakarabati na watu wakae.

DEO: Kwa kodi ipi sasa?

ZUU: Kwa kodi ya... Deo, usinikazie macho.

DEO: Sikukazii, nasubiri.

ZUU: Subiri basi. Mi sijabadilika.

DEO: Wala mimi.

(mlango unagongwa)

ZUU: Ndo hao wa saa kumi, wanataka studio yao. Na mambo matano je?

DEO: Soma la kwanza.

ZUU: La kwanza, panda ngazi mwenyewe kabla hujatoa kishika uchumba. La pili... mwandiko wangu huu, sijui niliandika nini.

DEO: "Ndoo."

ZUU: Siyo ndoo! Jamani tunatoka, tunatoka.

DEO: Mama mdogo ananunua lakini?

ZUU: Anataka ya ghorofa ya nne, jirani na yule aliyempa kiti.

DEO: Ina bahari?

ZUU: Hajauliza. Ameuliza yule mama huwa anapika saa ngapi.