Wolai wa Kwanza: Chelezo au Jigi?

OTIENO: Hamjambo wasikilizaji. Mko na Otieno na dada yenu Zawadi, hapa Brooklyn Park, Minnesota, kama kawaida. Zawadi, kabla hujafungua ile karatasi yako ya mambo matano, nina la Jumamosi.

ZAWADI: La Jumamosi nalijua. Picha ziliingia WhatsApp hata boti haijafika ufukweni.

OTIENO: Kwa wasioziona basi: tuko ziwa Mille Lacs, jua linazama, mgeni aliyehamia huku kutoka Bujumbura anapata wolai wake wa kwanza, yule samaki wa maziwa ya huku aitwaye walleye. Neno la kwanza lililomtoka ni "nimenasa majani." Akataka kukata mshipi.

ZAWADI: Na hilo ndilo neno la wote. Tuliwaomba wasikilizaji watutumie sauti, waeleze wolai wa kwanza walimjuaje. Sauti zinafanana jamani: nilidhani majani, nilidhani jiwe, nilidhani gogo.

OTIENO: Wengine wanasema kwa haya, na hakuna cha kuonea haya. Ndivyo samaki huyu anavyokula. Paiki, samaki mwingine wa huku, hukigonga chambo akiwa mbioni, mkono unajua papo hapo. Wolai anasogea, anafungua kinywa, maji yanaingia na chambo ndani, anafunga. Kisha anakaa palepale. Kidoleni unapata mdonoo mmoja mdogo, au hupati kitu ila mshipi umekuwa mzito. Pengine mshipi unalegea, maana amekiinua chambo akaja nacho juu.

ZAWADI: Kwa hiyo kwa mgeni kanuni ni fupi. Ukihisi uzito ambao sekunde iliyopita haukuwapo, inua fimbo. Majani hayatikisi kichwa.

OTIENO: Wolai anatikisa. Polepole, kwa uzito, huku anajaribu kurudi chini. Harukii juu. Watu wetu waliokulia kando ya Ziwa Victoria wanangoja ile vurugu ya mbuta, samaki anatoka majini mzima mzima. Haiji, basi wanasema si samaki.

ZAWADI: La pili katika sauti zile ni macho. Giza limeingia, mtu anawasha taa ya kichwani, samaki yuko pembeni mwa boti na macho yanawaka meupe. Watu wa Mwanza hili halitawashangaza, sangara naye macho yake hung'aa. Nyuma ya retina wolai ana tabaka linaloirudisha nuru ipite mara ya pili. Pachi wa manjano, ambaye ni wa ukoo huohuo na ndiye chakula chake kikubwa, hana tabaka hilo. Jua likishuka pachi anaona kwa shida, wolai anaona vizuri. Ndiyo saa yake ya kula.

OTIENO: Ndiyo maana kumbukumbu nyingi za wolai wa kwanza ni za magharibi, au alfajiri, au siku ya mawingu na upepo. Mawimbi ya wastani yanaivunja nuru inayoingia majini, na wolai anakuja juu ya miamba hata mchana. Mgeni akiona ziwa limetulia na jua kali saa sita anafurahi. Mimi siku hiyo ningemwambia alale kwanza, tutoke saa kumi na moja jioni.

ZAWADI: Haya, karatasi. Jambo la kwanza, zana za mtu wa mara ya kwanza. Fimbo ya futi sita na nusu, nyepesi kiasi, ncha yake ipinde haraka. Rili ya kawaida ya ukubwa wa 2500. Mshipi wa nailoni wa pauni 6 au 8. Juu yake chelezo, kiboya kile kinachoteleza, na kwenye ndoana...

OTIENO: Ruba.

ZAWADI: Ruba, ndiyo.

OTIENO: Wasikilizaji, mmesikia. Kipindi cha leseni kiliishia kwa ruba. Kipindi cha kununua makoti ya baridi kiliishia kwa ruba.

ZAWADI: Kwenye makoti aliyeniuliza mfuko wa ndani unafaa kuwekewa nini alikuwa wewe. Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Chelezo kinachoteleza kina tundu katikati, mshipi unapita ndani. Unaanza na fundo dogo la uzi, linauzwa tayari likiwa kwenye kimrija. Livute juu ya mshipi likaze, ncha zake zikate lakini usizimalize, acha kama nusu inchi zilale laini zipite kwenye pete za fimbo. Zikiwa fupi sana zinakuwa ngumu na zinakwama. Baada ya fundo unavisha ushanga. Watu huuruka huo ushanga, halafu wanashangaa fundo linaingia ndani ya tundu la chelezo na kina kinapotea. Kisha chelezo. Kisha chubwi ndogo za kubana, futi moja na nusu juu ya ndoana. Ndoana namba 6.

OTIENO: Na kina?

ZAWADI: Kabla ya chambo, bana chubwi nzito kwenye ndoana, teremsha mpaka chini. Chelezo kikizama, sogeza fundo juu, mbali na ndoana. Kikilala ubavu, lirudishe chini kidogo. Ukikipata kina, toa chubwi, shusha fundo futi moja. Sasa chambo kinaning'inia futi moja juu ya mwamba. Wolai hutazama juu akila, kwa hiyo kosea kwa kuwa juu yake, usikosee kwa kuwa chini.

OTIENO: Hapo nakubali.

ZAWADI: Na uzito. Chelezo kikielea nusu nzima juu ya maji, chubwi hazitoshi. Samaki akivuta anahisi ukinzani, anatema. Ongeza chubwi moja moja mpaka kibaki kipande kidogo tu cha juu. Halafu ruba. Ana kinyonyeo kikubwa upande mnene wa mwili. Pitisha ndoana hapohapo, mara moja tu, upande mwembamba uwe huru. Akishikwa katikati anajikunja na haogelei. Na wenye hofu, ruba wanaouzwa kwa chambo hawana haja na damu yenu. Hula wadudu na mizoga ya majini.

OTIENO: Lakini akiwa kwenye maji baridi?

ZAWADI: Chini ya nyuzi 50 za Fahrenheit, hapo kweli anajiviringisha na hafanyi kazi. Msimu unafunguliwa Mei, maji bado baridi, mtu atumie kidagaa hai. Ruba ni wa Juni na Julai, juu ya miamba ya Mille Lacs, jioni. Hao ndio wolai wa kwanza wa watu wengi katika jimbo hili.

OTIENO: Sasa hapa dada yangu ndipo tunapoachana, na si mara ya kwanza. Yule wa Bujumbura alikuwa na jigi mkononi, ile ndoana yenye kichwa kizito. Robo ya aunsi kwa sababu upepo ulikuwepo na kina futi kumi na tano. Maji ya futi nane na upepo mdogo, moja ya nane inatosha. Kidagaa kimepita ndoana mdomoni na kutokea juu ya kichwa. Unashusha mpaka chini, unainua inchi sita, unarudisha. Vitu viwili tu, jigi na fundo lake. Na yeye ndiye aliyehisi, kwa kidole chake. Chelezo ndicho kinachohisi kwa niaba yako.

ZAWADI: Alihisi akadhani majani. Ulikuwa karibu yake ukamzuia asikate. Asiye na Otieno botini je?

OTIENO: Atahisi mara ya pili.

ZAWADI: Mara ya pili haipo kwa wengi. Jigi inaliwa ikishuka. Ili umhisi, mshipi lazima uwe umenyooka wakati wa kushuka, lakini usiwe umeishika jigi isishuke. Mgeni anainua, anaangusha ncha ya fimbo haraka, mshipi unalegea, samaki anakula na kutema katika ulegevu huo. Anarudisha jigi bila kidagaa, anasema wadogo wamekila. Hao wadogo wana inchi kumi na nane.

OTIENO: Basi mfundishe kushusha. Ncha ya fimbo ifuate jigi, isiitangulie. Dakika kumi anajua. Na atajua kitu ambacho chelezo hakimfundishi kamwe, chini kukoje. Mchanga ni laini, tope linaivuta jigi ukiinua, changarawe inagonga. Mtu wa chelezo ataivua sehemu nzuri jioni nzima asijue kwa nini ni nzuri.

ZAWADI: Na kwenye miamba jigi yako inanasa. Kila kunasa unakata, unafunga upya, upepo umekusukuma umetoka juu ya samaki. Saa ya kula yenyewe ni kama saa moja. Mgeni akiitumia nusu yake kufunga mafundo gizani, umemnyima samaki.

OTIENO: Twende mtoni basi. Mto Rainy majira ya kuchipua, au Mississippi chini ya bwawa. Chelezo kinachukuliwa na mkondo, chambo kinapaa. Jigi inakaa.

ZAWADI: Mtoni sibishani. Nazungumzia ziwani na mtu wa mara ya kwanza. Chelezo kinazama, anaona. Hata mtoto wa miaka mitano anaona. Usiku kipo chenye taa ndani.

OTIENO: Kinazama, halafu? Hapa ndipo hoja yangu nzito. Chelezo kinazama, mgeni anakitazama kwa furaha, anahesabu, anangoja "ameze vizuri". Na anameza kweli. Ndoana iko kooni, karibu na matamvua, damu. Mille Lacs kanuni hubadilika mwaka hadi mwaka na wolai wengi huwa lazima warudishwe majini. Samaki aliyemeza ndoana harudi vizuri. Jigi inamshika kwenye mdomo wa juu kwa sababu unainua papo hapo. Tusilichukulie kirahisi. Kwenye ziwa Upper Red Lake wolai walivuliwa kupita kiasi mpaka uvuvi wa wolai ukafungwa 1999, haukufunguliwa tena hadi 2006. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka wa kufungwa alikuwa na kama miaka saba ziwa lake lilipofunguliwa.

ZAWADI: Red Lake ilikuwa nyavu na mavuno makubwa, si chelezo cha mgeni. Lakini la kumeza ni kweli, na dawa yake ipo. Kikizama usingoje na usinyakue. Zungusha rili ukusanye ulegevu mpaka uhisi uzito, ndipo uvute fimbo kwa upande, kwa mkono mrefu. Ukinyakua mshipi ukiwa umelegea, unakivuta chelezo tu. Ukingoja, anameza. Na akimeza, usichokonoe. Kata mshipi karibu na mdomo, mrudishe. Mimi wageni huwafungia jigi ndogo ya moja ya kumi na sita badala ya ndoana tupu. Shingo yake fupi, hashuki nayo kooni kirahisi.

OTIENO: Umesema jigi.

ZAWADI: Iliyoning'inia chini ya chelezo, ikiwa na ruba.

OTIENO: Wasikilizaji, ameshafika tena kwa ruba. Na ni jigi!

ZAWADI: Si jigi yako. Haigusi chini, haiinuliwi, mgeni hahitaji kujua kushusha. Kazi yote inafanywa na wimbi na ruba.

OTIENO: Ndilo ninalolikataa. Ukiulizwa miaka kumi baadaye ulimpataje wa kwanza, useme wimbi lilinivulia?

ZAWADI: Useme ulimpata! Sauti zile nimezisikiliza zote, hakuna aliyesema mbinu kwanza. Wanasema nani alikuwa botini, macho yaliwaka vipi, nani alishika wavu.

OTIENO: Na wanasema uzito mkononi. Hilo ndilo la kwanza kabisa katika kila sauti, umelisema mwenyewe tulipoanza.

ZAWADI: Uzito unakuja hata kwa chelezo.

OTIENO: Baada ya kuambiwa na jicho. Si sawa.

ZAWADI: Hatutakubaliana.

OTIENO: Leo hapana. Na fundi anatuonyesha vidole vitatu.

ZAWADI: Dakika tatu? Otieno, karatasi ina mambo matano. Tuko kwenye la kwanza.

OTIENO: Minofu iende wiki ijayo. Rekodi ya jimbo ya wolai mkubwa iende wiki ijayo.

ZAWADI: Rekodi naitaja, ni mstari mmoja. Pauni 17 na aunsi 8, mto Seagull, 1979. Haijavunjwa. Soga tusimwache, yule samaki sauger anayefanana na wolai, watu wa ziwa Lake of the Woods wanawachanganya. Wolai ana ncha nyeupe chini ya mkia na doa jeusi mwishoni mwa pezi la kwanza la mgongo. Soga hana ncha hiyo nyeupe, na pezi lake lina madoa madoa.

OTIENO: Na kumshika. Usimtie kidole gumba mdomoni kama unavyomshika samaki aitwaye bass, wolai ana meno. Lowesha mikono, shika nyuma ya kichwa juu ya vifuniko vya matamvua, mkono wa pili chini ya tumbo. Kingo za vifuniko hivyo zinakata, miiba ya mgongo inachoma, ilaze kwanza kwa kiganja kutoka mbele kwenda nyuma. Kama anarudi majini, picha moja, basi.

ZAWADI: Leseni kuanzia miaka 16. Mshipi mmoja kwa mtu maji yakiwa wazi, miwili juu ya barafu. Kanuni za ziwa lako zisome kabla ya kila safari, usitegemee za mwaka jana.

OTIENO: Dakika moja. Kizibo! Toa kizibo cha boti maji yote yatoke kabla hujaingia barabarani. Ni sheria, na ndiyo inayozuia kome vamizi wasihamie ziwa jingine.

ZAWADI: Ndoo ya chambo vilevile. Maji ya ziwa yamwage pale pale nchi kavu, weka ya chupa, au ya bomba yaliyokaa usiku kucha klorini itoke, la sivyo kesho asubuhi ruba wote...

OTIENO: Zawadi, muda.

ZAWADI: ...wamekufa. Na waliobaki usiwatupe ziwani, watupe kwenye takataka. Haya, zima.