Mrututu, Shabu na Nushadiri: Dawa za Fundi Zilizo Dukani Kwetu

Habari za jioni, wazee wangu, kaka na dada zangu. Ahsanteni kwa kuvumilia foleni ya Barabara ya Morogoro mpaka mkafika hapa.

Hii mnayoiona ni koki ya brasi, ile shaba ya njano. Ndani yake kuna skrubu ya chuma iliyokatika; kichwa kimeng'oka, mwili umebaki humo humo. Ukiitoboa kwa drili utaharibu uzi wa koki. Kwa hiyo tangu jana asubuhi nimeiloweka kwenye bakuli hili la kioo, maji ya moto na shabu, shabu hii hii mnayoinunua Kariakoo kwa ajili ya kwapa. Sasa hivi namimina tena maji ya moto. Walio mbele wataona vipovu vidogo vinapanda kutoka kwenye lile tundu, kimoja kimoja. Shabu inakula chuma, brasi haiigusi. Mafundi saa wamekuwa wakitolea skrubu zilizokatika kwa njia hiyo kwa miaka mingi. Tuiache, tutairudia.

Nimeitwa kuzungumzia wapi mtu anayefua au kulehemu vitu vidogo nyumbani atapata dawa zake. Karibu kila wiki kijana mmoja hunipigia: "Kaka, kitabu kinasema nitafute vitrioli ya bluu, nimezunguka mji mzima hakuna." Namuuliza kwao wapi, anasema Moshi. Namwambia, babu yako alikuwa nayo ghalani kwenye debe, anapuliza mibuni. Ni mrututu huo! Chumvi ya shaba na salfa. Kijana amezunguka Dar siku mbili akitafuta kitu ambacho angekipata duka la pembejeo kwa kutamka neno moja la bibi yake.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Dawa zipo, ila kila duka linazijua kwa jina lake. Vitabu vya zamani vya Uingereza vinaandika "mafuta ya vitrioli", fundi magari anakuuzia maji ya betri. Ni asidi ya salfa zote mbili. Vinaandika "roho ya chumvi", na wewe unayo chooni, dawa ya kung'arishia vigae. Salfa ya unga wazee wetu wanaiita kiberiti upele, kwa sababu ilipakwa kwenye upele.

Boraksi ndiyo iliyonitesa mimi. Nilianza kwenye maduka ya dawa, nikaambiwa hakuna, duka la tatu binti akaniuliza kama ni dawa ya panya. Mwishowe nikaenda Mtaa wa Indira Gandhi kwa mzee mmoja sonara. Nikasema boraksi, akatikisa kichwa. Nikaeleza: ule unga mweupe unaoweka kwenye kiungo kabla ya kulehemu, ukipata moto unavimba kama bisi halafu unakuwa kioo. Akacheka, akafungua mtoto wa meza. "Tankankhar! Kwa nini hukusema?" Ni Kigujarati. Tangu siku hiyo siulizi kwa jina tu, naeleza na kazi ya kitu. Fundi hata kama hamjui jina lako la kitabuni, kazi yake anaijua.

Na ule uvimbaji usiwatishe wanaoanza. Ni maji yaliyofungwa ndani ya boraksi yanatoka. Ukipeleka moto haraka yanarusha kipande chako cha lehemu kikaangukie mkekani. Pasha taratibu, acha uvimbe utulie, ndipo uongeze. Ikifika karibu nyuzi 740 inayeyuka yote na kuwa kama asali, na asali hiyo inanyonya ule weusi unaotokea fedha au shaba ikipata moto. Lehemu haishiki kwenye weusi. Inajikunja kuwa kitone na kukimbia. Mtu analaumu lehemu, kumbe kiungo ni kichafu.

Sasa niwape aibu yangu, maana imenifundisha kuliko vitabu. Ukishalehemu pete ya fedha inatoka nyeusi, kwa sababu fedha ya vito ina shaba kidogo ndani yake, kwa kawaida sehemu 75 katika 1,000. Unaitumbukiza kwenye maji ya moto ya shabu, weusi unatoka. Sonara wengi hutumia asidi ya salfa iliyozimuliwa, mimi nyumbani nina watoto, natumia shabu. Basi, pete ya shemeji yangu. Nimeilehemu vizuri, nimeitia kwenye shabu niliyokuwa nimeitumia miezi miwili, maji yamegeuka ya bluu kidogo. Nikaitoa kwa koleo la chuma. Pete ikatoka ya waridi! Fedha ya watu, rangi ya shaba. Shemeji yuko sebuleni anakunywa chai.

Ngoja niwaonyeshe kilichotokea. Huu ni mrututu, kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, na glasi hii hairudi jikoni kamwe, mrututu ni sumu. Hiki ni kisu cha chuma nilichokipiga msasa mpaka kikang'aa na kukiosha kwa sabuni, maana mafuta ya kidole yanaharibu kazi. Nachovya. Moja, mbili, tatu, nne. Pitisheni nyuma mkione. Ni shaba, ngozi nyembamba kabisa. Chuma kinaingia majini na shaba inatoka majini inakaa mahali pake. Mafundi wa mashine wanapaka mrututu kwenye chuma kisha wanachora mistari ya vipimo kwa msumari, mstari unaonekana waziwazi juu ya wekundu.

Maji yangu ya shabu yalikuwa yamebeba shaba ya pete zote nilizosafisha miezi miwili. Koleo la chuma lilipoingia, shaba ikatafuta pa kukaa, ikakaa kwenye fedha iliyokuwa imegusana na koleo. Watu watakwambia maji hayo yameharibika, umwage. Si kweli, toa chuma tu. Pete niliipasha tena ikawa nyeusi, nikairudisha kwenye shabu, safari hii kwa kijiti cha mwanzi, ikatoka nyeupe. Shemeji hakujua. Leo atajua, yupo pale safu ya tatu.

Nushadiri, ile chumvi ya amonia. Wenye umri wangu wanakumbuka sufuria kubwa za shaba za kupikia biriani ya harusi, na fundi anayezitia kalai ndani, yaani kuzipaka bati. Sufuria inapashwa juu ya makaa, fundi ananyunyiza unga wa nushadiri, moshi mweupe unapanda, kisha anagusisha bati kidogo na kulisambaza kwa pamba mkunjo mmoja. Lile linaloyeyuka ni bati lenyewe, tini, linayeyuka kwa nyuzi 232 tu. Si bati la kuezekea nyumba. Hilo ni chuma kilichopakwa zinki. Nushadiri ndiyo inayoondoa kutu ya shaba papo hapo ili bati lishike. Ule moshi unakereketa koo, fundi huwa amekaa uani upande upepo unakotoka, sio chumbani amefunga dirisha. Iulizeni kwenye maduka ya dawa za asili Kariakoo, na msiichanganye na shabu, kwa macho zinafanana. Ukitaka kuhakikisha, saga kidogo pamoja na chokaa mbichi na tone la maji: nushadiri itakupiga pua kwa harufu ya amonia, shabu ya kawaida ya potashi haitasema kitu.

Ukwaju, ndimu na siki sihitaji kuwaeleza, kila aliyewahi kusugua birika la kahawa kwa ukwaju na chumvi ameshafanya kemia yangu yote. Suuza tu vizuri, maana siki na chumvi zikiachwa juu ya shaba zinaleta ukijani ambao nao ni sumu.

Magadi yanastahili dakika moja. Pasi ya mkaa ya marehemu mama ilikuwa imeliwa kutu mpaka mfuniko haufunguki. Nikachukua ndoo ya plastiki, maji, vijiko vichache vya magadi yale ya kuivishia makande, na chaja ya betri ya gari. Waya hasi kwenye pasi, waya chanya kwenye kipande cha nondo kuukuu, visigusane. Nje, uani, kwa sababu inatoa haidrojeni, na hiyo ikikutana na cheche inalipuka. Asubuhi kutu ilitoka kwa brashi kama tope. Upande wa chanya usiweke kamwe chuma kisichoshika kutu, vijiko vile vya kung'aa. Vinatoa kromiamu yenye sumu kali.

Kuna nisiyotaka kumsikia mtu akijaribu. Zebaki ya kuchovya dhahabu, hapana. Sonara wa zamani walichovya hivyo na wengi walitetemeka mikono mpaka kufa. Jiki na ndimu, au jiki na dawa ya vigae, kwenye beseni moja, hapana, hiyo ni gesi ya klorini ndani ya bafu lako. Kulehemu bati la nyumba bila kuondoa zinki, hapana. Ukivuta moshi wake, usiku utatetemeka kwa homa ukadhani ni malaria. Na maji ya betri yanatiwa kwenye maji, si maji kwenye maji ya betri.

Mzee hapo nyuma ananiuliza brasi ikishang'aa inalindwaje na hewa hii ya chumvi ya Dar. Mzee wangu, nta ya nyuki inatosha kwa kitu cha mezani, ipake kikiwa na uvuguvugu. Zamani kulikuwa na vanishi ya sandarusi, ile inayochimbwa ardhini pwani yetu hii. Tulikuwa tukiiuza mpaka Salem kule Marekani karne ya 19, wao wanatengeneza vanishi na kuwauzia wengine. Sandarusi bado inauzwa, pamoja na uvumba. Kuiyeyusha ni kazi ngumu inayotaka moto mkali na ni hatari, mimi nimeshindwa mara mbili.

Haya, koki yetu. Naitoa kwa mwanzi. Tope jeusi hili ndilo skrubu... bado. Nachokonoa kwa sindano, juu imelainika, chini kuna kiini kigumu, labda nusu sentimita. Brasi haijaguswa, tazameni uzi ulivyo safi. Inarudi kwenye bakuli. Anayekaa Sinza anipe lifti, nayo inataka kubebwa wima.