Mshahara Usioandikwa Daftarini

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu wa Tanga, ahsanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wengi wenu mmekuja nalo: mwenye ajira ya ofisini aiache akafungue biashara yake ndogo, au atulie alipo? Nimekaa pande zote mbili, miaka kumi na mmoja ofisini, na sasa ni mwaka wa sita katika duka la vipuri vya pikipiki hapa Ngamiani. Sitamwambia mtu aache wala abaki. Ninalotaka ni tukubaliane namna ya kuhesabu, kwa kuwa wengi, nami nikiwamo, tumeamua kwa hesabu iliyopungua.

Mwezi wa tatu baada ya kufungua duka niliuza vitu vya shilingi 3,000,000, nikazilinganisha na mshahara wangu wa zamani wa 1,200,000, nikatembea kifua mbele. Nilipotoa bei niliyonunulia mzigo zikabaki 700,000. Pango, umeme na ujira wa kijana anayenisaidia vikala 320,000. Zikabaki 380,000, nami nikaziita faida. Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akauliza bila kuinua macho: "Na wewe wakulipa shilingi ngapi?" Nilikuwa nikifungua saa moja asubuhi na kufunga saa mbili usiku, siku sita kwa wiki, na daftarini hapakuwa na mstari hata mmoja wa ujira wangu. Mtu mwaminifu wa kukaa pale saa zote hizo nisingempata kwa chini ya 350,000. Kwa hiyo duka lenyewe, pamoja na mtaji wote uliolala katika cheni, plagi na matairi, lilikuwa limezaa shilingi 30,000.

Upande wa ajira nako kuna fedha ambazo jicho halizioni. Mchango wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri hutoa nusu yake. Kwa mshahara wangu ule, 240,000 zilikuwa zikiwekwa kila mwezi, na nusu haikutoka mfukoni mwangu. Ongezeni likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Dukani, siku nikishikwa na homa, ni kijana tu anayeuza, na bei za nusu ya vitu hazijui. Aliyejiajiri anaweza kujiunga na mfuko kwa hiari, na namsihi afanye hivyo, ila mchango wote utamtoka yeye. Tena anayeandika mwenyewe barua ya kuacha kazi asiyategemee malipo ya kuachishwa, yale ya siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa utumishi, kwani sheria imemwekea anayeachishwa na mwajiri.

Hata hivyo, tusiipe ajira sifa isiyo yake, hasa sisi wa mji uliolelewa na mkonge. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Kisha nyuzi za viwandani zikaangusha bei, na wapo humu ambao wazazi wao walidhani kazi ya shambani haina mwisho.

Nirudi dukani, maana huko ndiko watu hudanganyika zaidi. Fedha ya mauzo ni kama wageni tunaowatania hapa Tanga, waja leo waondoka leo: kesho inanunua mzigo mwingine. Kodi ya mfanyabiashara mdogo, ambaye mauzo yake hayajafika milioni 100 kwa mwaka, hukokotolewa kwa mauzo na si kwa faida, hivyo hata mwaka uliouza sana ukabaki mikono mitupu utalipa. Kuna na mkopo wa vijana wa bodaboda, ambao siwalaumu, kwani bila tairi hawapati hela ya kunilipa. Lakini mwezi ule wa tatu, katika zile 3,000,000 nilizojisifia, 410,000 zilikuwa bado mifukoni mwao.

Daftari la mwaka ule wa kwanza nimelileta, liko hapa mezani. Mstari wa ujira wangu unaanza mwezi wa tano, kwa wino mwekundu, na miezi minne ya mwanzo baada ya hapo mtaona nimeandika kiasi, kisha pembeni: "haujalipwa".