Kazi ya Kikundi Mtandaoni Huharibikia Kwenye Agizo

Ndugu wahadhiri wenzangu, kila tunapokutana nasikia lawama ileile, kwamba wanafunzi wa kozi za mtandaoni ni wavivu, mmoja huandika ripoti nzima na waliobaki huweka majina tu. Jambo hilo hutokea, sikatai. Ninachokataa ni kumhukumu mwanafunzi kabla hatujaichunguza kazi tuliyompa.

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 yalionyesha kuwa kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo mchango wa kila mmoja ulivyopungua, hata walipofika 8 kila mmoja akawa anatoa takriban nusu tu ya nguvu zake. Mtaniambia kwamba pengine walishindwa kuvuta kwa wakati mmoja. Hoja hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu sichoki kuyataja majaribio ya mwaka 1979 ya mwanasaikolojia Bibb Latané na wenzake nchini Marekani, waliowafunga watu macho, wakawavisha vipokea sauti masikioni na kuwaaminisha kuwa wanapaza sauti pamoja na wengine, ilhali kila mmoja alikuwa akipaza peke yake. Hapakuwa na wa kupishana naye, na bado sauti zilishuka. Mwaka 1981 watafiti haohao waliwaeleza washiriki kwamba sauti ya kila mmoja itapimwa kivyake hata akiwa kikundini, na upungufu ule ukatoweka. Hawakutafutwa watu wenye bidii zaidi. Kilichobadilika ni kwamba mchango wa mtu ulionekana.

Sasa litazameni agizo letu la kawaida: andikeni ripoti ya kurasa 10 katika vikundi vya watu 6. Ripoti hiyo mtu mmoja anaiweza, tena ataiandika vizuri kuliko watu 6 wanaosubiriana, kwa hiyo anayeifanya peke yake ametumia akili. Mwanasaikolojia Elliot Aronson alipobuni mbinu yake ya kufundishia kwa vikundi, iitwayo jigsaw, mwaka 1971 huko Austin, Texas, alimpa kila mwanafunzi kipande cha somo ambacho wenzake hawakuwa nacho na walikihitaji. Mtandaoni jambo hili ni rahisi mno: wape watu 4 mafaili 4 tofauti ya takwimu, kisha uliza swali lisilojibika mpaka yote yasomwe pamoja. Toa alama ya mtu na alama ya kikundi, na uisome historia ya mabadiliko ya hati yao. Wako wanaouita huo upelelezi. Mimi naona ni haki kwa yule aliyefanya kazi, mradi wote waelezwe tangu mwanzo.

Kuhusu mijadala ya maandishi nitasema kwa ufupi, maana muda umenibana. Swali lenye jibu moja hufa mara tu wa kwanza anapojibu, na sharti la kuwajibu wenzako wawili huzaa "nakubaliana nawe" zisizo na idadi. Ulizeni swali linalomlazimu mtu kuchagua upande na kuutetea kwa ushahidi, na tarehe ya mwisho ya hoja ya kwanza itangulie ile ya majibu kwa siku kadhaa.

Suala la nani aunde vikundi naliacha, ila msiwapangie wanafunzi kabla ya kuwauliza saa wanazopatikana.